Sindano ya Kushoto katika Nchi ya Kwaniaba

Nchi ya Kwaniaba haiko mbali sana wala haiko karibu, na jinsi nilivyofika huko haimfaidii mtu kitu. Nilifika, nikakaa miezi mitano, nikarudi na miguu yangu miwili. Niliyoyaona nayaeleza kama nilivyoyaona. Atakayesema bibi ametia chumvi, aende mwenyewe akaonje.

Watu wa Kwaniaba ni wapole, wana adabu, na mlo wao hauna lawama. Juu ya mlango wa baraza lao kuu pamechongwa sheria ya kwanza ya nchi: Linaloweza kufanywa kwa niaba, na lifanywe kwa niaba. Wanaishi kwa hiyo. Siku ya pili tangu nifike nilihudhuria maziko, nikamkuta mwanamume analia hata shati limelowa. Nikamshika bega, nikamwambia, "Pole, baba, ndiyo njia yetu sote." Akajifuta kamasi, akanijibu kwa utulivu, "Ahsante, bibi. Mimi marehemu sikumjua. Namlilia ndugu yake, yeye yuko shambani anapalilia." Kisha akaendelea pale alipoachia.

Nilimjua pia mama mmoja, jirani, aliyefunga mwezi mzima kwa niaba ya kaka zake watatu. Kaka zake nao si watu wasio na shukrani: walikula daku kwa niaba yake. Na katika jela yao, ambayo ni safi, nilionyeshwa mzee anayemalizia mwaka wa pili wa wizi wa shemeji yake. Nikamwuliza shemeji mwenyewe yuko wapi. Akasema, "Yule mtu ana shughuli nyingi, bibi. Hana nafasi ya kufungwa."

Sikucheka. Mgeni akicheka siku za mwanzo, hafichuliwi mengine.

Kilichonipeleka huko ni mjukuu wangu Siwema. Aliolewa Kwaniaba na Vuai, kijana mchimba visima, mrefu, mwenye mikono kama makasia. Siwema alikuwa ameshika mimba mara mbili. Ya kwanza ilitoka mwezi wa nane, mtoto kimya. Wa pili alizaliwa hai, akaishi siku tisa. Ngozi ya viganja na nyayo ilikuwa ikimbambuka, na puani yakimtoka maji yenye damu. Sasa alikuwa na ya tatu, miezi mitano, akaniletea salamu: "Bibi, njoo ukae nami. Huyu akiondoka, sitataka kujaribu tena."

Vuai ndiye aliyenipokea mzigo. "Karibu, mke wangu mkubwa," akasema.

"Nimekaribia, mume wangu. Nimesikia mke mdogo kakushinda, nimekuja kushika zamu."

"Meno yako unayo?"

"Manne. Yanatosha kukuuma."

Kwao kama kwetu, bibi na mume wa mjukuu wana utani. Siwema alicheka, lakini alicheka huku kainama upande, na nikaona kwamba anakaa upande, anatembea upande, na hata sufuria anaikoroga kaegemea kushoto. Nilipochungulia ua wa jirani, na yule jirani alikuwa akikoroga vivyo hivyo. Nikadhani ni maradhi ya mgongo ya nchi ile.

Wiki hiyo hiyo tukaenda kliniki ya wajawazito, pale zahanati. Muuguzi wao anaitwa Bi Mwatima, mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya mtu aliyesema jambo moja mara elfu. Akamchoma Siwema kidole, akadondosha damu juu ya kile kijikaratasi cha kipimo, tukangoja. Ikatoka mistari miwili.

"Imerudi," akasema Bi Mwatima. "Kaswende."

Hapa niwatendee haki. Kuna nchi ambazo jina hilo halitajwi, husemwa ugonjwa wa mjini, au ule mwingine. Kwaniaba wanalitaja. Kipimo wanacho, dawa wanayo, na sindano hailipiwi. Ndiyo maana nilishangaa ugonjwa unarudi vipi kwa mtu aliyekwisha kutibiwa. Nikaomba kuiona kadi ya Siwema, nikaisoma polepole kwa kidole. Imeandikwa: mimba ya kwanza, sindano mbili. Kalio la kulia, Siwema. Kalio la kushoto, Vuai. Mimba ya pili, vivyo hivyo.

"Mwanangu," nikamwambia Bi Mwatima, "hapa sijafahamu. Vuai alidungwa?"

"Alidungwa."

"Wapi?"

"Hapo." Akaonyesha kalio la kushoto la mjukuu wangu.

Akanieleza bila haraka. Zamani dawa ilipoingia nchini, wanaume waliikataa. Hawakuikataa dawa, walikataa kitanda, kwa kuwa kwao mwanamume halali kifudifudi mbele ya mtu. Wazee wakakaa siku saba, wakaona njia ni ile ile ya siku zote. Mke amchukulie mumewe. Sindano ya kulia iwe ya mke, ya kushoto iwe ya bwana, kila moja dozi kamili, na dawa ya kushoto itafika kwa mwenyewe kwa njia zake.

"Na wewe unaamini inafika?" nikamwuliza.

Bi Mwatima akatazama mlango kwanza. "Mimi nimeajiriwa kudunga wanaoletwa, bibi. Kuamini wameajiriwa wengine." Kisha akaifunga kadi. "Na leo simdungi. Ikirudi mara ya tatu, lazima apite kwanza Baraza la Upande wa Kushoto."

Siwema alishuka kitandani, akashika tumbo kwa mikono yote miwili, kama mtu aliyebeba mtungi penye utelezi.

Baraza la Upande wa Kushoto ni baraza la utafiti. Lina jengo zuri kuliko zahanati, na lina miaka thelathini na minane. Mkuu wake ni Bwana Machano, mzee mwenye ndevu nyeupe zilizochanwa vizuri. Anavaa miwani, na pembeni yake hukaa mtu wa pili anayesoma kwa niaba yake. Kazi ya baraza ni moja tu: kujua kwa nini kaswende inarudi katika nyumba zilizotibiwa. Nyumba hizo ni nyingi. Kuna kijiji, nilionyeshwa kwenye ramani yao, ambako katika kila mimba nne, moja hupotea kwa sababu hiyo.

Wenye elimu wa baraza wamegawanyika makundi mawili. Kuna Watu wa Mkeka, wanaosema dawa humfikia mume usiku kwa njia ya mkeka, na kuna Watu wa Chungu, wanaosema hupitia chakulani. Watu wa Mkeka wamepima mikeka elfu mbili, urefu, upana, na aina ya ukindu. Watu wa Chungu nao wana ghala la vyungu. Kwa sababu ya kundi la kwanza wanawake wote wa nchi wameamriwa kulala upande wa kushoto umwelekee mume. Kwa sababu ya kundi la pili wameamriwa kupika wameegemea kushoto. Hapo nikajua ule haukuwa ugonjwa wa mgongo.

Siku ya Jumanne Siwema alisimamishwa mbele yao. Vuai aliruhusiwa kukaa nyuma, nami nikakaa naye.

Bwana Machano akauliza kwa upole, maana si mtu mkali, "Binti, ulilalia upande gani?"

"Kushoto, mheshimiwa."

"Kila siku?"

"Kila siku. Mpaka bega limekufa ganzi."

"Hukugeuka?"

Siwema akafikiri. "Mtu mwenye mimba hugeuka, mheshimiwa. Hata usingizini."

Karani akaandika, na yule msomaji akasoma kwa sauti, "Aligeuka." Wazee wakanung'unika, na mmoja wa Watu wa Mkeka akampiga mwenziwe kiwiko, kama kusema, sikukwambia?

Nikaomba ruhusa, nikasimama. "Waheshimiwa, mimi mgeni, na elimu yangu ni ya madarasa machache. Nauliza tu. Vuai mwenyewe amewahi kupimwa?"

"Amepimwa mara tatu," akasema Bwana Machano.

"Damu yake mlitoa wapi?"

"Kwenye kidole cha mkewe."

Nikamtazama Vuai. Alikuwa anatazama viatu.

"Kwetu," nikasema, "hupimwa wote wawili na hudungwa wote wawili."

Mzee mmoja wa Watu wa Chungu, mnene, akaniangalia kwa huruma. "Kwenu, bibi, mna watu wengi kiasi hicho, hata kila jambo mlifanye mara mbili?" Wakacheka, kicheko cha heshima, wakijifunika vinywa. Nikakaa.

Hukumu yao ilikuwa fupi. Siwema ni chombo kinachovuja. Dawa ya mumewe inaingia upande wa kushoto na inapotea kabla haijafika. Kwa faida ya elimu, asidungwe sindano yoyote mpaka ajifungue, kulia wala kushoto, ili baraza liangalie bila kuchanganyikiwa ni wapi anapovujia. Baada ya hapo atarudishwa kwao, na Vuai atatafutiwa mke mwingine wa kumchukulia.

"Na mtoto?" nikauliza, safari hii bila kuomba ruhusa.

Bwana Machano akamgeukia msomaji, msomaji akatafuta ukurasa. "Mtoto ataingizwa katika ripoti," akasema.

Alisema bila ubaya wowote. Nadhani ndilo lililonitisha zaidi.

Kesho yake nilimfuata Vuai kazini. Alikuwa akichimba kisima cha mtu, amekwisha kufika urefu wa watu watatu, namwona utosi tu. Nikaketi ukingoni. Mtu akiwa ndani ya kisima husema mambo ambayo juu hasemi, kwa kuwa haoni uso wa mtu na uso wake hauonekani.

"Mume wangu," nikaita.

"Mke mkubwa. Umekuja kunifukia?"

"Bado. Nataka kukuuliza kitu. Kabla hujaoa, ulipata kidonda?"

Jembe likanyamaza.

"Nilipata," akasema. "Kimoja. Nilikuwa nachimba visima wilaya ya juu, mwaka mzima kule. Hakikuuma. Nikasema ni mwiba. Kikaondoka chenyewe."

"Halafu?"

"Halafu yakaja madoa viganjani na nyayoni. Hayakuwasha. Nayo yakaondoka. Kwetu wanasema kisichouma hakina mwenyewe."

"Ulimwambia nani?"

"Nani aliniuliza?" Akainua uso, nikaona meno na jasho. "Bibi, baraza walikuja kwangu mara mbili. Walipima mkeka. Walipima chungu, wakaondoka nacho. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale mlangoni. Hawakuniuliza."

Nikamwacha apumue. Kisha nikamwambia jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu. "Na mimi nilipoteza mmoja, kabla ya mama yake Siwema. Muuguzi wetu akatuita mimi na babu yenu, siku moja, benchi moja. Babu yenu alikuwa mtu wa koti. Alilala kifudifudi na koti lake, kofia kaishika mkononi. Tulipotoka akaniambia, ukimwambia mtu, nakuacha. Sikumwambia mtu. Sasa amekwisha kufa, hawezi kuniacha."

Vuai akacheka kidogo mle chini, kisha kicheko kikageuka kitu kingine, nikajifanya naangalia ndege.

"Najua ni mimi," akasema. "Tangu yule wa siku tisa najua. Lakini nikilala pale kitandani, kesho kila mtu atasema Vuai ni mwanamke. Na hata nikitaka, Bi Mwatima hana ruhusa. Hakuna sheria ya mwanamume kudungwa." Akachota mchanga, akautupa. "Lau ningeweza kumchukulia ile mimba, Wallahi ningeibeba mimi."

Akasema vile kama watu wanavyosema. Lakini mimi nilisimama nikakung'uta kanga. "Vuai," nikamwambia, "nchi hii ni ya nani? Si ya watu wa kuchukuliana? Panda juu."

Jioni ile alimwambia Siwema yote, kidonda, madoa na wilaya ya juu. Nilikuwepo, nikipepeta mchele. Siwema alikuwa akichambua mawe, na hakuacha kuchambua. Alipomaliza sinia zima akasema, "Nimelalia bega hili miaka mitatu."

"Najua," akasema Vuai.

"Hujui. Wewe ulikuwa umelala chali." Akaliweka sinia chini. "Kahamie chumba cha nje mpaka umalize sindano zako, kama utazipata. Na Jumanne vaa shati safi. Hatuendi kuomba na shati la kisima."

Jumanne iliyofuata tukarudi barazani, watatu. Nikasimama nikasema nina maombi mawili, yote kwa mujibu wa sheria iliyo juu ya mlango.

"La kwanza, mheshimiwa. Mjukuu wangu amechoka. Upande wake wa kushoto umechoka zaidi. Mumewe anaomba amchukulie upande huo. Sindano ya kushoto ya Siwema, adungwe Vuai, kwa niaba ya mkewe."

Msomaji akasahau kusoma.

"Lakini sindano ya kushoto ni ya Vuai," akasema Bwana Machano pole pole. "Mkewe ndiye anayeichukua kwa niaba yake."

"Ndiyo, mheshimiwa. Na yeye ataichukua kwa niaba ya mkewe anayeichukua kwa niaba yake."

"Sasa atakayekuwa amedungwa ni nani?"

"Siwema," nikajibu. "Kitandani atalala Vuai."

Wakabishana asubuhi nzima. Mzee wa Watu wa Mkeka akasema haiwezekani mwenye kuwakilishwa amwakilishe mwakilishi wake, dunia itazunguka kinyume. Yule mnene wa Watu wa Chungu, ambaye hakumpenda yule wa Mkeka, akasema sheria haikuandika niaba inakwenda upande mmoja. Mbona mama fulani anafunga kwa niaba ya kaka zake na wao wanakula kwa niaba yake, na hakuna aliyelalamika? Kisha likaja suala la kifudifudi. Vuai akaitwa mbele.

"Utakubali kulala kifudifudi mbele ya mtu?" akaulizwa.

"Mimi sitakuwepo, mheshimiwa," akasema. "Nitakuwa mke wangu."

Hilo likawapendeza, wakaridhia. Mmoja akasema huu ni uungwana wa kale. Mwingine akafuta macho, au labda alifuta kwa niaba ya mtu.

"Na ombi la pili?" akauliza Bwana Machano.

"La pili ni la kwangu. Mmeamua Siwema akae bila sindano ili mwangalie anapovujia. Naomba kumchukulia. Mimi nitakaa bila sindano kwa niaba yake mpaka ajifungue, na mniangalie upande wangu wa kushoto mnavyotaka. Yeye apewe ya kwake ya kulia, aende nyumbani."

Hili halikuleta ubishi. Walifurahi, kwa sababu mwanamke mzee hageukigeuki. Karani akaniandika: chombo, umri miaka sabini na miwili.

Basi kila Jumanne kwa miezi minne, bibi wawili wa baraza walikuja kutandika kitambaa cheupe juu ya mkeka wangu, upande wa kushoto, na Jumatano wakaja kukitazama kwa kioo cha kukuzia. Niliwapikia chai. Walikuwa watu wazuri, na mmoja alinifundisha kusuka ukili wa rangi tatu. Hawakuona kitu, wakaandika hawakuona kitu. Mimi sikuwa na ugonjwa, kwa hiyo nilivumilia vizuri sana kutotibiwa.

Huku nyuma kazi ilifanyika. Dozi zao zilikuwa tatu tatu, kwa wiki tatu, kwa vile ugonjwa ulikuwa wa muda mrefu. Wiki ya kwanza tulipofika zahanati, wanaume sita waliokuwa wakicheza bao chini ya ukuta waliacha kete.

"Vuai, umeshika mimba?" mmoja akaita.

"Bado," akajibu. "Nimekuja kumchukulia mke wangu sindano. Wewe wa kwako anachukuliwa na nani?"

Yule mtu akarudia kete zake. Ndani, Bi Mwatima alikuwa amekwisha kutandika kitanda. Vuai akavua viatu, akavaa tena, akavua. Akalala. Nilisimama mlangoni nikampa mgongo, maana utani una mipaka. Nikasikia Bi Mwatima akisema, "Legeza, legeza, Bi Siwema," kwa adabu kamili ya sheria, na Vuai akatoa sauti ambayo sitaiandika.

"Dawa hii inauma," akasema alipoinuka.

"Inauma," akasema Siwema, ambaye zamu yake ilikuwa imefika. "Mimi nilikuwa napigwa mbili."

Wiki ya pili alikwenda. Wiki ya tatu hakutaka. Madoa hana, kidonda hana, na kule baoni walikuwa wamemtungia jina, Bi Vuai. Alikaa ukingoni mwa kisima cha mtu akisema kazi ni nyingi, ataenda wiki ijayo. Siwema alikwenda mwenyewe kumwita, mimba ya miezi sita, juani. Sijui alimwambia nini. Walirudi wote, yeye mbele na Vuai nyuma amebeba kanga yake, wakapita baoni bila kusalimia.

Mwezi wa tisa Siwema alijifungua saa nne asubuhi. Bi Mwatima ndiye aliyempokea. Nilikuwa nimeshika miguu ya Siwema, na mtoto alipotoka kwanza palikuwa kimya, na katika kimya kile nilihesabu moja, mbili, nikashindwa kufika tatu. Kisha akalia. Alilia kwa hasira, kama mtu aliyepokonywa. Bi Mwatima akamgeuza, akatazama viganja, akatazama nyayo, akafuta pua ndogo kwa pamba na kuitazama pamba kwenye mwanga. Pamba ilikuwa safi. Akachukua na damu kwa kipimo, akasema watampima tena baada ya miezi mitatu, ndiyo taratibu. "Lakini mimi, kwa macho yangu mwenyewe," akasema, "naona mzima." Nilikuwa sijawahi kumsikia akisema mimi.

Ni msichana. Wamemwita Zawena.

Baraza likatoa ripoti. Nilisomewa. Ilisema kwamba upande wa kushoto wa bibi mgeni hauvuji. Kwamba tangu mgeni huyo aingie katika nyumba ya Vuai, ugonjwa umetoweka na mtoto amezaliwa salama. Kwamba kwa hiyo ni dhahiri bibi ndiye dawa. Na kwamba kila nyumba ambayo kaswende imerudi itafute bibi kutoka nje ya nchi, wa umri wa sabini na kuendelea. Mwisho iliandikwa kwamba utafiti zaidi unahitajika. Nilimwambia Bwana Machano kwamba nilifurahi kusaidia.

Lakini ruhusa ile ya Vuai hawakuifuta. Walisahau, au waliona ni uungwana. Hata nilipokuwa najiandaa kurudi, pale zahanati palikuwa na benchi la wanaume, siku za Jumatatu, wamevaa mashati safi, kila mmoja amekuja kumchukulia mkewe upande wa kushoto. Wale wa bao wawili walikuwemo.

Jumatatu ya mwisho nilikwenda kumuaga Bi Mwatima, nikamkuta Vuai amefika kabla yangu. Alikuwa amembeba Zawena, amesimama mbele ya meza ya karani wa zahanati. Daftari lilikuwa wazi. Lina safu mbili, ya tarehe na ya mgonjwa, na kwenye safu ya mgonjwa, katika wiki zile tatu, kwa sindano zake na za mkewe, liliandikwa jina moja, Siwema, Siwema, Siwema.

"Nataka ulifute hilo la sindano zangu," Vuai akamwambia karani. "Andika Vuai."

Karani alikuwa kijana mwenye subira. "Haiwezekani, kaka. Wewe ulikuwa kwa niaba. Mgonjwa ni mkeo."

"Mgonjwa nilikuwa mimi."

Alisema kwa sauti ya kawaida, lakini benchi zima lilisikia. Mtu mmoja akakohoa. Bi Mwatima akasimama na bomba la sindano mkononi.

"Kidonda kilikuwa changu," akasema Vuai. "Wawili wa kwanza waliondoka kwa sababu yangu. Huyu nimemleta hapa anishuhudie, ingawa hajui kitu. Andika."

"Daftari halina nafasi ya jina la mwanamume," akasema karani, na nilimwona kweli anaangalia juu na chini ya ukurasa, anatafuta. "Nitaandika wapi?"

Vuai akanipa mtoto. Akachukua kalamu ya karani, akainama, na pembeni kabisa mwa ukurasa, nje ya mstari mwekundu, akaandika jina lake, polepole, kwa herufi kubwa za mtu wa jembe. Akaiweka kalamu juu ya meza.

Mwanamume aliyekuwa wa kwanza kwenye benchi, yule yule aliyemwuliza siku ile kama ameshika mimba, aliinuka akasogea. Akalitazama lile jina kwa muda. Kisha akamwuliza karani, kwa sauti ndogo, kama ile kalamu bado ina wino.